Fundi wa Hitilafu Zinazojificha

Sitaeleza alizaliwa wapi wala jinsi ukoo wake ulivyofika mjini Kisii. Sikuwahi kumwuliza, na niliyosimuliwa na wengine yalikuwa ya namna tatu zisizopatana, kwa hiyo nimeyaacha yote. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe. Pale nitakapotegemea maneno ya mtu mwingine, nitasema ni nani.

Tulimwita Fundi. Mafundi mjini walikuwa wengi, lakini ukisema "lipeleke kwa Fundi" bila kuongeza neno, kila mwenye gari la zamani kutoka Keroka hadi Nyamira alijua umemaanisha nani. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na ndani ya umeme alipenda tawi moja tu: hitilafu inayokuja na kuondoka. Gari lililokataa kuwaka kabisa halikumvutia. "Hilo limekwisha kukiri," alikuwa akisema. "Mpelekee mtu mwingine." Alilopenda ni lile ambalo leo linazima mara tatu, kesho linakwenda Kisumu na kurudi bila kukohoa.

Sasa hayupo. Alizikwa siku ileile aliyofariki, kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi ya dini yake, nami nilifika kutoka Nyamira watu wakiwa wamekwisha kukunja mikeka. Pale palipokuwa na kibanda chake panauzwa vifuniko vya simu.

Katika miaka yake ya mwisho aliishi na swali moja: je, ni mkono wake uliounguza pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi wa Kiogoro? Kwa miaka miwili hakujua, na kwa miaka hiyo miwili hakugusa gari la mtu. Nitafika huko. Kwanza ni lazima nieleze alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo msomaji hataelewa kwa nini swali lile lilimfunga mikono mtu ambaye hakuna aliyemshtaki popote.

Nilimfahamu kwa sababu ya gari langu, saluni ya kijivu niliyoinunua nikiwa bado mwalimu wa fizikia. Lilianza kuzima kwenye mwinuko wa kwenda Manga. Halikuzima kila siku, na kwenye tambarare halikuzima kamwe. Likizima, nilisubiri dakika chache, likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili alibadilisha koili. Wa tatu aliondoa alteneta, mashine inayochaji betri, na kuweka nyingine, akaniapia kwa jina la mama yake kwamba mambo yamekwisha. Sabato iliyofuata lilizima mlimani, mke wangu akiwa ndani na nguo zake za kanisani, akashuka na kutembea njia iliyosalia.

Ndipo nikaenda kwa Fundi, akanisikiliza akiwa ameketi juu ya tairi. Nilipofika kwenye alteneta, aliinua mkono.

"Mwalimu, hilo la alteneta umeliona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa na fundi."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwake, huko Nyamira."

"Basi mwache huko na alteneta yake. Wewe niambie ulichokiona kwa macho. Gari lilizima, taa za dashibodi zilifanyaje?"

Sikujua. Aliuliza kama redio ilinyamaza pamoja na injini au baadaye, kama lilikohoa kabla ya kuzima, kama tulikuwa wawili ndani au watano. Sikujua hata moja. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi mkondo wa umeme kwa miaka mingi, nikiwasisitizia kwamba jaribio lisiloandikwa halikufanyika, na sasa mtu mwenye vumbi la kaboni kwenye kope alikuwa ananihoji kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari.

"Rudi nyumbani," akasema. "Kila likizima, andika. Usiniletee gari. Niletee karatasi."

Nilikasirika, lakini niliandika. Baada ya wiki tatu nilimpelekea karatasi moja iliyojaa. Aliisoma taratibu, akaisoma tena, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kumbe wewe ni mwalimu kweli. Nilikuwa nimeambiwa tu."

Aliyoyafanya siku ile nimeyasimulia kwa watu wengi, nami sichoki. Alichukua balbu ndogo yenye waya mbili ndefu. Mmoja aliufunga kwenye ncha chanya ya betri, wa pili akaufunga kwenye chuma cha injini, akazipitisha zote dirishani, akaketi karibu nami huku balbu ikiwaka mapajani mwake. "Twende Manga," akasema. Tulipanda. Kwenye kona ile mbaya injini ilijikaza, ikakohoa, na papo hapo balbu ikazimika. Injini ilipokufa na kutulia, balbu iliwaka tena.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Nini?"

Nililazimika kufikiri. "Injini imepoteza njia ya kurudisha umeme kwenye betri."

"Haya, umejifunza." Chini ya injini kulikuwa na waya mpana wa kusuka unaoiunganisha na bodi ya gari. Ulikuwa umekatika karibu wote, umebaki nyuzi chache. Kwenye tambarare nyuzi hizo zilitosha kugusana. Kwenye mlima injini iliinama kwa nguvu ya kuvuta, zikaachana. Kuubadilisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kuuona kulichukua wiki tatu, na hakutaka kabisa nizipunguze wiki hizo nilipokuwa nikiwasimulia watu. Alisema kazi ilikuwa hizo wiki.

Hakuwa mpole. Siku moja mtu mmoja mwenye cheo, ambaye hakuzoea kusubiri, alifika na kusema kabla ya kuzima injini, "Fundi, swichi ya ufunguo imekufa, weka nyingine, nina mkutano." Fundi hakuinuka.

"Nani amesema imekufa?"

"Mimi nimesema."

"Basi umekwisha kutibu. Unataka nini kwangu?"

Yule bwana aliondoka kwa hasira. Alirudi siku ya nne akivutwa kwa kamba, na Fundi alimpokea vizuri tu, akamwagizia chai, bila kumkumbusha chochote. Nilimwuliza kwa nini hakumpa hata neno moja la kumchoma. "Gari limekwisha kumwambia," akajibu.

Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa mjini, cha nyumba za Waislamu ambako watoto wanakua nacho. Sisi wa vijijini, ambao Kiswahili tulikikuta shuleni, alitucheka bila huruma. Mtu akisema "magari yangu inazima," angeuliza kwa upole wa uongo, akimwita baba kwa lugha yetu ya Ekegusii, "Yako mangapi, tata?" Hata hivyo, Ekegusii alikifahamu vizuri, na alikitumia kwa akina mama waliotoka vijijini na magari ya waume zao, kwa heshima ambayo waume hawakuwahi kuipata. Alidai kwamba wanawake ndio mashahidi bora. Mwanamume huja na jina la ugonjwa. Mwanamke huja na mlio wenyewe, akauiga kwa mdomo, mbele ya watu, bila aibu.

Kwake Ijumaa mchana hakuna kazi, kwangu Jumamosi hakuna safari ya gereji. Alisema kati yake na mimi gari langu lilikuwa na likizo nyingi kuliko mwalimu.

Alikuwa pia na mambo yasiyopatana, na sitayaficha. Mtu huyu aliyeshika waya siku nzima aliogopa radi kupita kiasi. Kisii mvua ya alasiri haikosi, na radi zake si za mzaha. Wingu likianza kunguruma alitupa koleo, akaingia ndani ya gari lolote lililokuwa karibu, akafunga milango na vioo, akaketi akiwa ameweka mikono mapajani mpaka kutulie. Kisayansi alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa bodi ya chuma humkinga aliye ndani. Lakini nilipompongeza kwa maarifa hayo aliniambia hajui habari hizo. Alikuwa anaogopa tu. Hakuwahi kumiliki gari, wala hakutaka kujifunza kuendesha. Na yeye aliyekataa neno la mtu yeyote kuhusu gari, aliamini bila swali lolote utabiri wa matokeo ya mpira aliousikia redioni, na aliumia kila Jumapili.

Sasa nifike kwenye pikapu.

Mfanyabiashara yule wa Kiogoro alikuwa akibeba ndizi kupeleka sokoni. Niliwahi kumfundisha, kwa hiyo haya ameniambia mwenyewe. Pikapu yake ilikuwa ya zamani, na Fundi alikuwa ameifunga waya upya sehemu yote ya mbele. Miezi kadhaa baadaye, ikiwa barabarani na mzigo, moshi ulitoka chini ya dashibodi. Alitoka akiwa ameungua mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kiwiko. Gari liliteketea na ndizi zake zote.

Mtu fulani alipiga picha za video kwa simu. Zilifika hata kwenye kundi la kanisa letu, zikiwa na maneno chini yake: *Hizi ndizo waya za Fundi.* Niliitazama video ile mara nyingi. Ilionyesha moto. Haikuonyesha chanzo cha moto. Niliandika hivyo kwenye kundi, kwa maneno yaliyonyooka, na nikajiona nimetimiza wajibu.

Kisha nikapeleka gari langu kwa fundi mwingine.

Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilijiambia kwamba Fundi alikuwa na shughuli, kwamba fundi wa Nyamira alikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nimeukataa uvumi kwa maandishi na kuutii kwa gari. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla sijaenda kumwona, nikamkuta kibandani, zana zake zikiwa zimefungwa kwa gunia, anasoma gazeti la wiki iliyopita.

"Mwalimu. Umepotea."

"Nimepotea," nikakubali. "Nasikia hufanyi kazi."

"Hilo umesikia vizuri."

"Kwa nini? Mahakama haijakuita. Mwenye gari hajakushtaki. Hakuna anayejua moto ule ulianzia wapi."

"Hata mimi," akasema.

Nilimwambia awaambie watu kwamba si yeye. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya alteneta.

"Umeona kwamba si mimi?"

Alinieleza kwamba alikwenda Kiogoro siku ya pili baada ya moto, akaomba aone mabaki. Mfanyabiashara, mkono ukiwa kwenye bendeji, alimwambia chuma kimeuzwa na asikanyage tena kwake. Fundi alizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mjini, Nyamira, hata Keroka. Hakuona kitu. "Nikifunga waya wa mtu leo," akasema, "kesho nitalala nikijiuliza. Nikijua ni mimi, najua cha kurekebisha. Nikijua si mimi, naendelea. Sasa nirekebishe nini?"

Mke wake, aliyekuwa akishona mashuka ya kuuza ili nyumba ipate kula, alinisindikiza hadi barabarani na kuniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nyinyi mliosoma mwambieni aseme tu hapana. Neno moja. Watu wanataka tu neno." Nilimwambia nitajaribu. Sikujaribu, kwa kuwa nilijua angeniuliza tena swali lile.

Nilichofanya kilikuwa kidogo na kilichelewa. Nilikwenda Kiogoro, nikamwuliza mwanafunzi wangu wa zamani ana kwa ana, mabaki yako wapi. Katika miaka hiyo miwili ya maneno, watu wengine wote walikuwa wamemwuliza kila kitu isipokuwa hilo. Aliangalia chini.

"Hayajauzwa, Mwalimu. Nilimwambia hivyo kwa hasira. Yako kwa dada yangu, Manga. Anafugia kuku."

Tulikwenda asubuhi, Fundi na mimi, kwa gari langu. Njiani hakuusikiliza mlio wa injini, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Dada yule alitupokea vizuri, akatuonyesha nyuma ya migomba. Kichwa cha pikapu kilikuwa kimewekwa juu ya mawe, madirisha yamezibwa kwa wavu, na ndani majogoo wawili na kuku kadhaa waliotolewa kwa kelele nyingi.

"Mtakaa sana?" akauliza. "Kuna mmoja anataka kutaga."

"Si sana, mama," Fundi akajibu, akavua koti na kuingia kwa magoti juu ya kinyesi cha kuku.

Plastiki zote za waya zilikuwa zimeungua, lakini shaba ilikuwa imebaki. Nilimwona akifuata waya mmoja baada ya mwingine kwa vidole, kama mtu anayesoma. Alizipita zile nyembamba za taa. Alifika kwenye waya mkuu, unaotoka kwenye betri kwenda kwenye swichi ya ufunguo, ambao katika magari ya zamani hauna fyuzi. Aliufuata mpaka unapopenya ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria. Hapo alisimama. Akaniita.

"Mwalimu, njoo uone. Usiniamini mimi."

Niliingia kwa shida ya umri wangu. Penye tundu, waya ulikuwa na tone la shaba iliyoyeyuka, duara kama punje ya mtama, na ukingo wa tundu ulikuwa na pengo dogo lililoliwa mahali palepale. Mahali pengine popote shaba ilikuwa nzima. Moto wa kawaida hauchagui nukta moja namna hiyo. Waya uligusa chuma pale.

"Tundu hili linapaswa kuwa na pete ya mpira," nikasema.

"Lilikuwa nayo, ikaoza, na za aina hii zilikuwa hazipatikani. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia, nikaufunga kwa uzi." Alitoa mkono kwenye tundu na kuutazama. "Mpira wa baiskeli haupendi joto wala oili. Nilijua. Nikadhani utadumu mpaka nipate pete."

Kuku walikuwa wakigonga wavu kwa nje.

"Ni mimi," akasema.

Nilitarajia kumwona akivunjika. Nimetumia muda mwingi tangu siku ile kutafuta neno sahihi la nilichokiona, na neno ninalolipata ni kwamba alinyooka. Alitoka, akanawa mikono kwa maji aliyopewa na yule mama, akaniomba nifungue boneti la gari langu. Msimu uleule alipoifunga waya pikapu, alikuwa amebadilisha waya mkuu wa gari langu pia. Alipeleka vidole nyuma ya injini, akavitoa vikiwa na utelezi mweusi unaonata wa mpira ulioyeyuka.

"Umeliendesha hivi mpaka hapa," akasema. "Na mke wako ndani, kila Sabato." Alikata kipande cha bomba gumu la plastiki alilokuwa nalo mfukoni, akakipasua, akakivisha waya pale penye tundu na kukikaza. Kisha akatoa simu. Magari aliyoyafunga mpira wa baiskeli yalikuwa manne. Aliwapigia wenye mawili yaliyosalia, mmoja Nyamira na mwingine mjini, akiwa amesimama kati ya migomba, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Usiliwashe. Toa waya wa betri. Nakuja leo."

Uvumi, basi, ulikuwa umesema kweli. Nimelifikiria hilo bila raha. Lakini waliousambaza hawakuwa wameona tone lile la shaba. Walibahatisha, kama fundi wangu wa alteneta, na safari hii bahati iliwaangukia. Kwa maneno yao peke yake, magari matatu, pamoja na langu, yangeendelea kutembea.

Nilipoliwasha gari alisema, "Kwanza Kiogoro."

"Hao wa magari wanasubiri."

"Wameondoa waya wa betri. Wanaweza kusubiri."

"Fundi, watu wote wanasema ni wewe. Kwenda kumwambia kutaongeza nini?"

"Wanasema," akajibu. "Yeye hajaambiwa na aliyeona."

Mfanyabiashara tulimkuta akipanga mikungu ukutani. Alipomwona Fundi alisimama, ule mkono wenye kovu ukiwa umeshika mkungu. Fundi hakukaa. Alimweleza yote: pete, baiskeli, uzi, tundu, tone la shaba. Hakuongeza lolote la kujitetea, wala hakusema pete zilikuwa hazipatikani.

Yule bwana aliuweka mkungu chini polepole.

"Mimi sikuwa na hakika," akasema. "Nilikuwa na hasira tu. Ungekataa, nisingekuwa na la kukujibu."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

"Unaendesha gari gani siku hizi?"

"Pikapu nyingine. Iko nyuma ya nyumba."

"Nani aliifunga waya?"

"Sijui. Nimeinunua hivyo."

"Hebu fungua boneti."

Mfanyabiashara alinitazama mimi kwanza, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Sikumpa ishara yoyote. Jambo lile halikuwa langu. Alijipangusa utomvu wa ndizi kwenye suruali, akazunguka nyuma ya nyumba, Fundi akamfuata, na nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha boneti likiachia.